Mjomba Alisema Iko Tupu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alimpelekea mama yake chupa ya chai kwenye lango la ghala la saruji. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu hasira zake zilikuwa karibu, naye hakulikataa. Mama yake alikuwa mlinzi mwenye silaha, zamu ya usiku. Pilipili alijua kwamba lazima asimame nyuma ya mstari wa manjano hadi makabidhiano yaishe, hata kama chai inapoa.

Makabidhiano yenyewe yalimchosha. Mama alielekeza mtutu wa bunduki ndani ya pipa lililojaa mchanga, kidole kimenyooka mbali na kifyatulio. Alichomoa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, akavuta chuma nyuma na kuchungulia chemba, mahali risasi inapokaa tayari kutoka. Kisha akapapasa humo kwa kidole kidogo. "Tupu," akasema. Mlinzi wa mchana alikuwa amesimama palepale akiona yote kwa macho yake mawili, lakini alipoipokea alianza upya: pipa, chuma, jicho, kidole.

Siku moja Pilipili alishindwa kuvumilia, akamuuliza mama kama yule mwenzake anamwona mwongo.

"Angeacha kutazama ndipo ningekasirika," mama alimjibu. "Bunduki haiaminiwi kwa maneno, mwanangu. Hata maneno yangu."

Nyumbani kulikuwa na mjomba, mdogo wake mama, aliyekuja kukaa siku mbili tatu na sasa hata mto wa kulalia alikuwa na wake. Vijana wa mtaani walimwita Bosi. Hakuwa na kazi, hakuwa na ofisi, wala hakuna aliyewahi kumwona akimlipa mtu mshahara, ila viatu vipya havikumwisha miguuni. Kitinda, mdogo wake Pilipili, alimganda kama kupe.

Jumatano moja Pilipili alikuwa akifagia sebuleni. Aliinua mto wa kochi, akakuta bastola. Haikuwa imefungwa hata kwa tambara. Ilikaa pale pale ambapo Kitinda hujilaza akitazama katuni. Pilipili alirudi nyuma bila kuigusa, kama alivyofundishwa, na mjomba akaingia wakati huohuo. Aliichukua na kuichomeka kiunoni kama mtu anayechomeka kitana, mtutu ukitazama paja lake mwenyewe.

Alimwambia kwamba ni ya kujilinda tu. Alimwambia pia kwamba mama akijua atalazimika kusema kazini, na akisema atafukuzwa, na wakishindwa kulipa pango kosa litakuwa la nani? Kisha akatabasamu. "Wewe si mtoto wa kupeleka maneno. Au nimekosea?"

Pilipili akaahidi. Tangu hapo ahadi ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alimwekea mjomba sahani mezani kwa kishindo, akamjibu kwa mkato, hadi mama akamgombeza kwa utovu wa adabu. Hilo lilimchoma zaidi. Anamlinda mama, halafu mama huyohuyo anamgombeza, na mjomba anakula huku akicheka.

Jumamosi mchana mama alikuwa amelala chumbani, upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba. Pilipili alikuwa uani akisuuza vyombo aliposikia Kitinda akishangilia. Aliingia ndani mikono ikichuruzika maji.

Mjomba alikuwa ameketi juu ya egemeo la kochi. Bastola aliishika kiubavu, kidole kimeshaingia kwenye kifyatulio, akimwonyesha Kitinda jinsi wanaume wanavyofanya. Mtutu ulizunguka chumba kizima: mlangoni, dirishani, usoni mwa mtoto.

"Mjomba, iweke chini," Pilipili alisema.

"Acha woga wewe." Alichomoa magazini na kuitupa kochini. "Haya, sasa iko tupu. Chuma tu hiki. Kitinda, njoo ushike."

Hakuvuta kitu nyuma. Hakuchungulia. Pilipili alikumbuka pipa la mchanga, akakumbuka kidole kidogo cha mama kikipapasa. Magazini ikitoka, risasi iliyokwishaingia chemba haitoki nayo. Hakubishana. Alimnyakua Kitinda kwa ukosi wa shati na kumburuta hadi uani, wakaanguka wote wawili kwenye maji ya vyombo.

Mjomba alicheka sana. Ili kuwaonyesha ujinga wao, akaelekeza bastola ukutani na kubonyeza.

Mlio ule uliwaziba masikio. Moshi ulipopungua, palikuwa na tundu kwenye ukuta wa mbao. Nyuma ya tundu lile ndipo kilipokuwa kitanda cha mama. Pilipili alirudi ndani mbio, Kitinda nyuma yake.

Mlango wa chumbani ulifunguliwa. Mama alitoka na vumbi la mbao kwenye nywele. Alimpapasa Kitinda toka kichwani hadi miguuni, kisha Pilipili, ndipo akamgeukia mdogo wake, ambaye bastola ilikuwa imemponyoka sakafuni.

"Rudi nyuma. Mikono nione. Hakuna atakayeigusa hadi polisi wafike."

Majirani walikwishaanza kugonga. Mjomba, midomo imekauka, aliwanong'oneza waseme tairi la pikipiki limepasuka. Pilipili alimtazama. Hasira zote za tangu Jumatano zilimpanda, na safari hii alijua pa kuzipeleka.

"Ni bastola," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Ilikuwa chini ya mto wa kochi tangu Jumatano. Mimi nilijua."

"Dada," mjomba alisema, "damu nzito kuliko maji."

"Nzito, ndiyo," mama alijibu huku akitafuta simu. "Ndiyo maana sitaki kuipiga deki sebuleni kwangu."

Polisi walimchukua jioni hiyohiyo. Baadaye walieleza kwamba bastola ile ilitumika kuibia duka la simu, na mwenye duka alipigwa risasi ya mguu. Mjomba alijitetea kwamba hakukusudia, bastola ilijifyatua. Mama aliposikia hivyo alisonya.

"Haijifyatui. Kuna kidole. Jambazi huijua bunduki kwa kuitumia kutishia watu, haijui kwa kuiogopa. Anailaza kochini, anaichomeka kiunoni, anamwelekezea mtoto, kisha anasema bahati mbaya."

Alimwita Pilipili chumbani na kumwonyesha sweta la sare lililokuwa limetundikwa juu ya kitanda. Lilikuwa na tundu kifuani. Pilipili alianza kulia.

"Nimekukasirikia," mama alisema, "na sitakuficha. Ulimtoa mdogo wako kwenye mdomo wa kifo, na kwa hilo nitakushukuru maisha yangu yote. Lakini siku zote hizo ulinyamaza. Mtu mzima akikuambia ufiche silaha, hakukuamini, amekutumia. Ahadi ya namna hiyo ivunje papo hapo. Ukiona bunduki usiiguse, ondoka, sema. Kazi nitaitafuta nyingine. Mtoto sitampata mwingine kama wewe."

Jumatatu mama alimweleza msimamizi wake kila kitu mwenyewe, kabla hajaulizwa. Alihojiwa, akasimamishwa wiki nzima, kisha akarudishwa langoni.

Asubuhi ya kwanza Kitinda naye alifuata kupeleka chai. Walisimama nyuma ya mstari wa manjano. Mama, sweta lake limeshonwa kifuani, alielekeza mtutu kwenye pipa, akavuta, akachungulia, akapapasa. "Tupu," akasema. Mlinzi wa mchana akaipokea na kuanza upya.

"Si mama ameshasema tupu?" Kitinda alinong'ona.

Pilipili alimshika mkono asisogee.

"Mwache atazame," alisema.