Kicheko cha Mzee Nzioka

Mutindi alikuwa akipinda ukosi wa joho la kwaya wakati suruali ilipotua kwenye meza ya cherehani yake.

"Fundi, nipunguzie miguu. Yule wa Kitui alinishonea ya twiga."

Mkono wake ukasita kwenye gurudumu. Soko la Wote lilikuwa limejaa, wauza maembe wakiitana na spika ya mhubiri ikikwaruza, lakini sauti ile hangeikosea. Aliinua macho. Kitheka alikuwa amevaa shati la samawati na, kama kawaida yake, vifungo vilikuwa vimekosana na matundu.

"Sikujua ni kwako," Kitheka akasema. "Niende?"

"Funga vifungo vizuri kwanza. Halafu simama nikupime."

Wakati wa uchumba wao walikuwa na blogu, Chai ya Wawili. Waliandika mambo madogo: kuku aliyetaga ndani ya helmeti ya Kitheka, muthokoi wa mahindi na maharagwe ulioungua wakibishana nani aliwekwa kuuangalia. Watu waliisoma na kucheka nao. Kisha ikafika siku ya ntheo, familia ya Kitheka ilipopeleka mbuzi kwa kina Mutindi, Mbooni, ili wawili hao wahesabiwe mume na mke. Beberu alikata kamba. Mzee Nzioka, babake Mutindi, alimkimbiza, akateleza kwenye mtaro wa shamba, akaketi kwenye tope akicheka. Kitheka alirekodi, akaweka kwenye blogu.

Jumapili iliyofuata, vijana walioiona video hiyo walimlilia mzee kanisani "mee!" Mzee alirudisha mbuzi, na mbuzi wa ntheo wakirudishwa, ndoa imekwisha.

"Nilisikia Mzee alitutoka," Kitheka alisema, Mutindi akiwa amepiga magoti na chaki, suruali ameishikiza kwenye mguu wake. "Pole sana. Niliogopa kuja mazishini. Wangesema nimekuja kucheka tena."

Mutindi alichora mstari, akaufuta, akachora mwingine.

"Aliiulizia ile video."

"Nani?"

"Baba. Akiwa kitandani. 'Mutindi, hebu nione vile nilianguka.' Nikafungua blogu. Video haikuwepo."

Kitheka aliketi polepole kwenye benchi. "Niliifuta Jumapili ile. Ulinipigia simu ukilia."

"Nililia, lakini sikusema ufute."

"Nilidhani ndiyo heshima."

"Na mimi nilidhani ni hasira. Nikasema, huyu ametufuta sisi sote." Aliipeleka suruali kwenye cherehani. "Hata kwa simu haimo?"

"Hata kwa simu, mwendwa. Niliifuta kila mahali."

Jina hilo la mapenzi lilimponyoka. Mutindi hakulikataa. Alikanyaga cherehani, mguu wa kwanza wa suruali ukapita chini ya sindano.

"Alikuwa akichekaje, Kitheka? Nimeanza kusahau."

"Kwanza alinyamaza, tukadhani ameumia. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Halafu..."

"Akapiga chafya!"

"Chafya tatu! Beberu akageuka kumwangalia!"

Mutindi alicheka hadi machozi. Alijifuta uso kwa pindo la kitenge chake cha kijani.

"Andika," alisema. "Kwa blogu yetu. Andika hivyo."

Kitheka alitoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, akisoma kwa sauti. "'Mzee alikuwa na koti jeusi...'"

"La kahawia. Lile lenye kiraka changu."

"La kahawia. 'Akamwambia beberu...' Alimwambia nini?"

Mutindi alisimamisha gurudumu. Walitazamana. Hakuna aliyekumbuka.

"Mama atajua," alisema mwishowe. "Nitampigia."

Wauza maembe walikuwa wakifunika mabanda, na mwanga ulikuwa haumtoshi tena kuona uzi. Aliondoa suruali chini ya sindano, akaikunja juu ya joho la kwaya.

"Mguu mmoja umebaki. Njoo kesho."

"Na Mzee?" Kitheka aliinua simu.

"Bado ameketi kwenye tope, anacheka." Alifunika cherehani kwa turubai. "Usimwinue peke yako. Tutaandika wawili."