Kigari cha Zimamoto

"Nimekishika mimi kwanza."

"Umekigusa. Kugusa na kushika ni vitu viwili, kaka yangu."

Hivyo ndivyo walivyokutana hao wawili, wanagombana hadharani asubuhi ya Jumamosi, soko la vitu vya zamani limefurika na watu wanakanyagana. Mbele yao palikuwa na meza ya mama mmoja muuza vichezeo. Gololi zilikuwa zimejaa kwenye chupa. Palikuwa na midoli isiyo na nywele, kaseti za gemu za kuchomeka kwenye televisheni, na zile gemu za mkononi za kupanga matofali, zilizokuwa zinakula betri mpaka wazazi wakazificha. Katikati ya vyote hivyo kilikaa kibasi cha bati, rangi ya bluu. Mkono mmoja ulikuwa juu ya boneti yake, mwingine umekamata nyuma.

Mkono wa mbele ulikuwa safi, kucha zimekatwa, na ulitoka kwenye shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Mkono wa nyuma ulikuwa na rangi ya njano kwenye kucha, wala si rangi ya urembo. Mwenyewe alikuwa amevaa ovaroli aliyoishusha na kufunga mikono yake kiunoni, fulana nyeusi iliyombana, na kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani. Alikuwa mzuri, na alijua.

"Una mtoto?" akauliza yule dada.

"Sina."

"Sasa kibasi cha nini, mtu mzima mzima?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimeipenda bluu yake. Bluu hii siku hizi hakuna anayeichanganya."

"Mimi ninacho cha kijani kabatini. Namtafutia mwenzake."

"Kabatini!" Akacheka mpaka watu wakageuka. "Yaani vigari vyako havitembei? Umevifunga jela?"

"Nunueni basi," mama muuzaji akawakatiza, "au nendeni mkaoane mkagombane kwenu! Mnanizibia wateja."

Wakaona haya wote wawili. Kaka akalipa, dada akaweka sharti lake: awe anakwenda kukijulia hali kibasi chake. Namba za simu zikabadilishwa hapohapo, na mama muuzaji akatikisa kichwa.

Kaka alikuwa mfamasia kwenye duka la dawa, na kwa kuwa wateja walimwita Daktari, tumwite hivyo. Dada alikuwa fundi rangi kwenye gereji, mwanamke peke yake pale, na bosi wake aliapa hana mfano wake. Kila mtu alimwita Fundi. Kabla mwezi haujaandama mara mbili, simu zao zilikuwa hazipoi.

"Daktari wa vidonge, umekula?"

"Nimekula, laazizi. Leo umepaka rangi gani?"

"Fedha. Nimeng'aa mpaka masikioni."

"Usioge basi, nije nikuone."

"Shika adabu yako, una wateja hapo!"

Nyumbani kwa Daktari kabati la vioo lilichukua ukuta mzima, na kila kigari kilikuwa na hadithi. Hiki alipewa na mjomba. Hiki alibadilishana kwa gololi zote alizokuwa nazo, akalia kutwa nzima, leo hajutii. Walichomeka gemu ya zamani kwenye televisheni, kaseti ikagoma, wakaichomoa wakaipuliza kama walivyokuwa wakifanya utotoni. Fundi akamshinda, akapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Daktari alimtazama akirukaruka juu ya kochi, na moyoni akasema huyu ndiye.

Kimoja tu hakikuwa kabatini. Kilikuwa kwenye dirisha la chumbani, kigari cha zimamoto, chekundu kilichobabuka rangi, hakina ngazi, gurudumu moja limepinda.

"Na huyu ombaomba?" Fundi akauliza siku moja, akicheka.

Daktari akageukia pembeni, akajifanya anatafuta chaja. "Hicho? Takataka tu. Sijui hata kwa nini sikitupi."

Mwongo mkubwa! Alikuwa na hadithi ya kila kipande cha bati ndani ya nyumba ile, na hiki akakitemea mate. Mama yake ndiye aliyemnunulia. Watoto wenzake walipoanza kumnyang'anya, mama alikipindua, akachukua kichupa chake cha rangi ya kucha, akaandika chini yake jina alilokuwa akimwita yeye peke yake. Mwaka huohuo mama akafa. Picha zake zilikuwepo, lakini mwandiko wake haukuwa popote duniani isipokuwa pale. Daktari hakuweza kuitamka habari hiyo bila kulia, na alikuwa hajawahi kulia mbele ya mwanamke. Basi akasema takataka, na Fundi akamwamini.

Ikakaribia siku ya kuzaliwa ya Daktari. Fundi akakichukua kigari kimyakimya, akakitia kwenye mkoba. Daktari alipokikosa dirishani alipekua nyumba nzima, lakini angemuulizaje mtu habari za takataka? Fundi rangi yeyote atakwambia: hupaki juu ya uchafu. Akakichovya kwenye thina inayoyeyusha rangi, akakigeuza. Chini akaona michoro iliyofifia, herufi herufi hivi. Akadhani ni jina la mtoto wa watu aliyekimiliki zamani, maana vigari vya Daktari vingi vilitoka sokoni. Akachukua kitambaa, akapangusa. Pakawa safi.

Aliifanya kazi ile kwa mapenzi, jamani, tusimwonee. Alinyoosha gurudumu, akachonga ngazi mpya ya bati, akachanganya nyekundu mara tatu mpaka ikawa ileile ya kiwandani. Bosi alipokiona aliomba auziwe.

Siku yenyewe ilipofika, Fundi alikwenda na gauni la njano, la kwanza Daktari kumwona nalo, viatu vya kisigino, kitambaa kimebaki nyumbani. Dada mkubwa wa Daktari alikuwepo, amekuja na keki. Kicheko kilijaa sebule.

"Fungua, mpenzi. Fungua, mimi siwezi kungoja."

Daktari akafungua boksi. Uso ukamganda. Hakusema asante wala hakutazama ngazi. Alikipindua kigari chini juu.

"Yako wapi?"

"Nini, mpenzi?"

"Palikuwa pameandikwa hapa."

"Aa, yale? Niliyasafisha. Nilipaka thina kidogo tu, yakatoka yote."

Dada mtu akaweka kiganja mdomoni.

"Nani alikutuma?" Sauti ya Daktari ilikuwa ndogo, na hiyo ilitisha kuliko angepiga kelele. "Nani alikwambia ukichukue?"

"Si ulisema takataka! Ulisema hujui kwa nini hukitupi!"

"Kwa hiyo kila ninachosema takataka unakiiba?"

Fundi akachukua mkoba wake.

"Umeniita mwizi," Fundi akasema polepole. "Nimekaa na kigari chako wiki nzima, macho yananitoka, unaniita mwizi mbele ya dada yako."

"Naomba uondoke."

"Naondoka! Tena ukae na mabati yako, yasikuache na yenyewe!"

Akabamiza mlango. Kwenye ngazi alivua viatu, akashuka peku huku akilia kwa hasira. Hakujua kosa lake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kufukuzwa kama mbwa na hujui umefanya nini.

Alikaa na hasira yake mpaka dada wa Daktari alipompigia akiwa gereji.

"Wifi, usikate simu. Tafadhali."

"Sina la kuongea, dada. Kaka yako amemaliza."

"Nisikilize mara moja tu. Ule ulikuwa mwandiko wa mama."

"Upi?"

"Uliokuwa chini ya kigari. Mama aliuandika kwa rangi ya kucha. Hatuna mwingine, wifi. Alikuambia takataka kwa sababu hajui kulisema jambo hilo. Hata mimi dada yake hajawahi kuniambia, nilikuwa namwona tu anakigeuza usiku na kusoma."

Fundi akatafuta pa kukaa, akakuta tairi, akakaa. Hasira yote ilimtoka, na mahali pake ikaja aibu, na aibu ni mbaya zaidi. Aliutazama mkono wake wa kulia. Huu ndio ulioshika kitambaa. Angemtazamaje yule mtu tena? Kila atakapomwona, si atakumbuka? Akazima simu.

Na sasa tazama mambo ya hawa watu! Siku hiyohiyo Daktari naye alikuwa amepoa, amejiona mjinga, amechukua simu. Mpenzi wake hapatikani. Akajaribu tena, na tena, hapatikani. Akajua amechukiwa. Kila mmoja akakaa upande wake akidhani mwenzake hataki hata kumwona, na wote wawili walikuwa hawalali.

Kulikuwa na kampuni ya mabasi mji mwingine iliyokuwa ikimtaka Fundi tangu zamani. Aliwakatalia kwa sababu ya Daktari. Sasa akawakubalia.

Daktari alipata habari kwa kumpigia bosi wa gereji.

"Fundi wako? Anaondoka kesho asubuhi, tiketi anayo," bosi akamwambia. "Anamalizia mlango wa mwisho sasa hivi. Kama una neno, njoo nalo haraka."

Daktari alikuwa na mteja mbele yake, mzee wa watu amekuja kuchukua dawa ya kifua. Akamwachia msaidizi, akatoka na koti lake jeupe mgongoni, hata miwani kaisahau kaunta.

Gereji ilikuwa inanguruma. Kompresa ilikuwa inajaza upepo, mabati yanagongwa, na kule nyuma, ndani ya mapazia ya nailoni, Fundi amesimama mbele ya mlango mweusi wa gari, barakoa usoni, bomba la rangi mkononi.

Bosi akamdaka Daktari kifuani. "Usimguse! Ameshaanza kupuliza. Akisimama katikati rangi inashika vibaya, mlango mzima unarudiwa. Mwenye gari anaufuata jioni."

"Naweza kusema?"

"Kusema sema. Sijui kama atakusikia."

Daktari akasogea mpaka kwenye nailoni. Fundi alimwona kwenye ule weusi wa mlango unaong'aa, koti jeupe linakuja. Lakini mkono ulikuwa umezoea kazi, ukaendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na yeye akashukuru kwamba ana barakoa na kwamba kazi yenyewe haimruhusu kugeuka.

"Nilikudanganya!" Daktari alikuwa anapiga kelele ili aishinde kompresa. "Haikuwa takataka! Ulikuwa mwandiko wa mama yangu!"

Mkono ukaenda, ukarudi.

"Vigari vyote nimekusimulia, hicho nikashindwa! Niliogopa utaniona nalia! Wewe umefuta, lakini mimi ndiye niliyekuficha! Halafu nikakuita mwizi!"

Mkono ukaenda, ukarudi. Mafundi waliokuwa wananyoosha mabati waliacha nyundo zao.

"Imeniuma, Fundi! Sitakudanganya tena, bado inauma! Nakipindua, sioni kitu, inauma! Lakini wewe ukiondoka kesho nitakuwa sina mwandiko na sina wewe, nitabaki na nini mimi? NAKUPENDA! NATAKA UKAE!"

Kompresa za gereji zikijaa hujizima zenyewe. Ile ilijaa na kuzima hasa alipofika hapo, na maneno ya mwisho yakatoka katika kimya, makubwa, gereji nzima ikayasikia mpaka mtu aliyelala chini ya lori.

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Fundi ulisimama. Ulisimama mbele ya mlango na bomba linaendelea kutema, rangi ikajaa mahali pamoja, ikazidi, ikaanza kuteremka, mchirizi mrefu hadi chini.

"Mlango wangu!" bosi akalia.

Fundi akavua barakoa. Macho yalikuwa mekundu, pua imelowa, na usoni ana alama ya mpira wa barakoa.

"Umeona ulichofanya?" akamwambia Daktari.

"Nisamehe."

"Usinidakie! Wa kuomba msamaha ni mimi. Nilikuwa nataka nikuombe tangu dada aliponiambia, nikashindwa." Akaunyoosha mkono wa kulia. "Nimefuta mwandiko wa mama yako kwa mkono wangu huu. Sasa nitakuwa nakutazamaje?"

"Nitazame hivyohivyo, kama unavyonitazama sasa."

Akauchukua mkono ule ule, na rangi yake mbichi, akaukumbatia kifuani. Koti jeupe likaharibika kabisa.

"Jamani, mwenye gari nitamwambia nini mimi?" bosi akauliza, ameshika kichwa.

Fundi akapangusa pua kwa bega, akauangalia mlango kwa jicho la kazi. "Mwambie aje keshokutwa. Huu lazima ukauke kwanza, niukwangue, niupake upya."

"Keshokutwa? Si kesho unasafiri?"

"Nisafiri vipi, bosi, na mlango wa mtu nimeuharibu?"

Daktari alivuta pumzi, ya kwanza nzima tangu siku ile ya keki. "Na ukishamaliza mlango?"

"Tutaona. Itategemea na wewe." Fundi akaburuta tairi mbili, moja akamsukumia, nyingine akakalia yeye. "Kaa hapo. Niambie kuhusu mama."

"Hapa? Mbele ya watu wote?"

"Hapahapa."

Daktari akakaa. Akajaribu kusema, machozi yakamtangulia, akayaacha yatoke.

"Alikuwa mfupi," akasema. "Na alikuwa hajui kuimba hata kidogo, lakini akianza kuimba, mtaa mzima unajua amerudi."