Tochi ya Betri Tatu

Matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yaliposhindwa na mvua hayakutoa onyo. Yalilia mara moja tu, kisha mdomo wa duara, shimo lao la dhahabu, ukaporomoka, udongo, magogo na mawe, na mwanga wa taa ya juu ukafutika. Fikirini alijikuta amelala kifudifudi, mdomo umejaa matope. Karibu yake mtu alikuwa akipiga kelele.

Kalisti, mkubwa wao, aliyechimba Mwakitolyo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, akawasha tochi. Aliyekuwa akipiga kelele ni Marcel. Gogo lilikuwa limemwangukia pajani na damu ilikuwa ikichuruzika. Wakalisukuma. Fikirini akavua shati, akaufunga mguu ule kwa nguvu zake zote.

"Juu pamezibika," Kalisti alisema. "Tupite njia ya zamani, tutokee duara la jirani. Haraka, maji yanapanda."

Wakatambaa, Kalisti mbele na mwanga, Fikirini nyuma akimburuta Marcel kwa makwapa. Hawakufika mbali. Tochi ilififia, ikawa nyekundu, ikazima. Gizani wakashika njia siyo, wakagonga mwamba, wakabaki hapo wakihema, na maji yakawafikia magotini.

Tochi ile ilikula betri tatu, na desturi ya maduara ya pale ilikuwa kila mtu aje na betri yake, ili asiwepo wa kujisifu kwamba anawamulikia wenzake. Haki nzuri sana, kwa mdomo. Fikirini alikuwa fundi redio wa mtaa wa Kambarage kabla wateja hawajamkimbia, na alijua kwamba betri moja iliyochoka inazikwamisha zilizo nzima. Nyumbani alizipima moja moja kwa glopu kabla ya kuzipanga pamoja. Huku shimoni aliona aibu kumwambia mtu mzima kwamba betri yake haifai.

"Nipe tochi, kaka."

"Ya nini? Imekufa hiyo."

"Nipe tu."

Akaifungua kwa kupapasa. Betri ya kwanza ilikuwa kavu, haijavuja. Ya pili vilevile. Ya tatu ilinata, imevimba, na chini ya kidole chake alihisi alama za meno. Mtu alikuwa ameiuma ili kuikamua nguvu zilizobaki, kama watu wanavyofanya redio inapofifia katikati ya mpira.

"Moja imevuja. Ina alama za meno."

"Ya nani?" Kalisti alifoka.

Marcel alijibu polepole. "Yangu. Mpya nimemwachia Paskalia nyumbani. Mtoto anaharisha, usiku lazima amwone."

"Si ungesema!"

"Ningesema mngeniacha juu."

Fikirini akaitupa ile betri. Mfukoni alikuwa na msumari mrefu wa matimba. Akauzungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akauweka upande wa springi, mahali pa ile mbovu. Akafunga. Giza. Akafungua tena, akausugua msumari kwenye mwamba mpaka kutu ikatoka, akafunga, akabonyeza. Mwanga ukaja, mdogo, wa manjano, lakini haukuyumba.

Njia ilikuwa nyuma yao, pale pale walipoipita.

"Maji," Marcel alisema walipoingia humo.

"Yana matope."

"Nipe hivyo hivyo."

Fikirini akateka kwa kiganja, akamnywesha. Hawakuwa wamesogea sana aliposikia mzigo umekuwa mzito kuliko mwanzo. Akaweka sikio kifuani kwa rafiki yake. Akalia kwa sauti, bila haya, na akaendelea kumburuta kwa sababu hakuweza kumwacha mle.

Wachimbaji wa duara la jirani walimsikia Kalisti akigonga mwamba kwa nyundo, wakateremsha kamba. Juu kulikuwa kumekucha, mvua ingali inanyesha. Paskalia alikuwa amesimama kando ya shimo, mtoto mgongoni. Alimwona mumewe akitolewa, wala hakupiga yowe. Alimfuata Fikirini, akamshika mkono.

"Shemeji, ile betri aliyoiuma. Ilifanya kazi?"

Fikirini aliuona uso wa yule mama na akaelewa kwamba usiku kucha alikuwa amekaa na ile nyingine mpya, akijihukumu. Kalisti alifungua mdomo.

"Ilifanya kazi, shemeji," Fikirini aliwahi. "Ndiyo iliyotutoa. Iliyotuangusha ilikuwa yangu. Nilileta mbovu."

Kalisti akafunga mdomo, akatazama chini.

Paskalia aliuachia mkono wa Fikirini taratibu. Akaenda, akaketi matopeni kando ya Marcel, akakiweka kichwa chake mapajani, na hapo ndipo alipoanza kumlilia mumewe. Wachimbaji walimtazama Fikirini, kisha mmoja mmoja wakampa mgongo.