Vichwa Thelathini na Kimoja

Tangazo rasmi. Yatakayofuata ni siri kuu ya dola, daraja la kwanza, mhuri mwekundu. Msomaji asiye na kibali afumbe macho sasa hivi, ajisalimishe kwa afisa usalama aliye karibu, na asubiri maelekezo.

Sawa. Kibali hakuna, mhuri haupo, na afisa usalama wa karibu ni mlinzi wa geti anayesinzia juu ya redio yake. Endelea kusoma.

Saa saba mchana.

Peugeot 504 nyeupe ilikata kona ya barabara ya vumbi kwa magurudumu mawili. Mengine mawili yalifuata baadaye kidogo.

Nyuma ya usukani alikaa jasusi hatari kuliko wote katika fani yake. Miwani ya kusomea puani. Kalamu nne za Bic mkobani. Kwenye kiti cha abiria, silaha: Sheria ya Elimu na Kanuni Zake, jalada gumu, kurasa mia sita na kumi na mbili. Haijawahi kumuua mtu, ila imelaza wengi.

Profesa.

Miaka thelathini chuo kikuu, somo moja tu: fedha za shule za umma na sheria ya elimu. Vitabu vinne. Wasomaji kumi na mmoja, tisa kati yao wakiwa wanafunzi waliolazimishwa. Harusini akiulizwa anafanya kazi gani, hujibu kwa ukamilifu, na kiti cha jirani yake hubaki kitupu mpaka keki ikatwe.

Nokia ikalia.

"Sema."

"Sungura wameonekana," sauti ikanong'ona. Ilikuwa ya Mkutubi, mzee anayelinda rafu za sheria kule chuoni. Yeye peke yake ndiye kituo kizima cha operesheni. "Shemeji yangu anauza vocha mkabala na shule ya pili. Basi la Isuzu, la bluu. Limetoka sasa hivi kwenda shule ya tatu."

"Sungura wangapi?"

"Kwa nini tunawaita sungura? Ni watoto."

"Wangapi?"

"Kama sitini. Na humu maktaba ni marufuku kuongea kwa simu, kwa hiyo nakata."

Akakata. Sheria ni sheria.

Profesa akakanyaga mafuta.

Siku hiyo ilikuwa Siku ya Vichwa. Mara moja kwa mwaka, afisa wa wizara aitwaye Mhesabu huzunguka shule kwa shule na kuhesabu kila mwanafunzi anayemwona kwa macho yake. Kichwa kimoja ni fungu moja la fedha kwa mwaka mzima: chaki, madawati, vyoo. Na shule isiyofikisha vichwa mia moja kabla ya saa kumi jioni inafungwa. Hakuna rufaa.

Asubuhi hiyo Profesa alikuwa amepigiwa simu na mdogo wake, mwalimu mkuu wa shule ndogo ya mlimani.

"Dada, nina watoto themanini na wawili."

"Jana ulikuwa na mia moja na kumi na tatu."

"Jana ndiyo. Leo thelathini na mmoja wamepakiwa basi barabarani kabla hawajanifikia. Wameambiwa kuna mpira na soda." Akavuta pumzi. "Mhesabu anafika kwangu saa tisa na nusu. Wakinifungia, shule ya karibu ni kilomita kumi na moja kwa mguu. Nina wa miaka sita hapa, dada."

"Usilie."

"Silii. Nawazuia hawa waliobaki wasiende chooni."

Profesa hakuuliza nani kawachukua. Alijua. Mtu huyo aliitwa Kikokotoo, kwa sababu ya mashine ya Casio aliyoining'iniza shingoni kama medali. Alikuwa mkandarasi. Aliuza sweta za shule, na kwa mkataba ambao hakuna aliyekumbuka kuusaini, aliendesha shule tatu kubwa za bondeni. Akila vichwa vya shule ndogo ya mlimani, siku moja shule hiyo inakufa, na kesho yake watoto wake na kiwanja chake vinakuwa mali ya Kikokotoo.

Profesa alikuwa ameipitia shule ya pili saa moja kabla. Kwenye karatasi ina wanafunzi mia sita na arobaini. Aliowakuta ni mia na tisini, na matundu mawili ya choo yasiyo na milango, ingawa milango imeshanunuliwa mara tatu. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba nao wangehesabiwa, shule ingepata maabara.

Nyuma ya ukuta alikuta sweta moja limeangushwa.

Alilishika kwa vidole viwili.

Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, gumu kifuani kama gamba. Jasho la mtoto mmoja juu ya jasho la mtoto mwingine. Kwenye mkono, makamasi yamekauka kwa tabaka. Kwenye kola, kitu kilichokuwa maziwa zamani. Ndani kuna namba imeandikwa kwa wino: 47. Hakuna jina. Aliyelivaa leo si aliyelivaa mwaka jana, na hakuna aliyewahi kulifua kati yao.

Profesa akaliachia. Na si kwa harufu peke yake.

Maana kifungu cha sheria cha kuhesabu vichwa alikiandika yeye. Akiwa na miaka ishirini na tisa, wizara ilimwita asaidie kutunga kanuni, naye akaandika kwa mkono wake: "mwanafunzi aliyeonekana na mhesabu." Akasahau kuandika kwamba ni mara moja tu. Kwa hiyo ukimtoa mtoto shule ya kwanza, ukambadilisha sweta, ukamwahisha shule ya pili kabla Mhesabu hajafika, anahesabiwa tena. Kihalali.

Alipogundua kosa hilo, alifanya kile ambacho msomi pekee angefanya. Aliandika makala. Kurasa arobaini za onyo, akieleza hatua kwa hatua jinsi mwizi anavyoweza kutumia pengo hilo: basi, sweta, ratiba, njia za mkato. Kamati ya kupandisha vyeo ilimpa nusu alama. Wizara haikujibu. Hakuna aliyesoma.

Au ndivyo alivyodhani.

Saa nane kasoro dakika nane.

Geti la shule ya tatu. Isuzu ya bluu ilikuwa inakuja kwa mbele. Peugeot ilikuwa inakuja kwa pembeni, kupitia shamba la mtu. Profesa akavuta breki ya mkono.

Peugeot ikasimama katikati ya geti, ikatoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa, ikazimika.

Isuzu ikafunga breki nusu mita kutoka mlangoni kwake.

Akashuka na silaha kwapani.

Kikokotoo akashuka pia, taratibu, na paja la kuku mkononi. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye saa. Alikuwa na meno madogo mengi, na kati ya kila mawili palikuwa na habari ya mlo uliopita.

"Profesa," akasema, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya kweli. "Nimekufahamu kwa picha. Karibu, mama. Siku zote nimetaka tuonane."

"Washushe watoto."

"Subiri kwanza." Akachomoa karatasi kutoka mfuko wa nyuma, zimekunjwa na kulowa mafuta. Ilikuwa makala ya Profesa. Kurasa zote arobaini, zimepigwa mistari kwa rangi mbili, na pembeni alama za vema. "Nimeisoma mara sita. Hapa kwenye njia za mkato nilicheka mpaka mke wangu akaamka. Watu hawajui kipaji chako. Mimi ndiye msomaji wako."

Akalamba kidole, akafungua ukurasa, akaufuta mdomo wake kwa ukurasa uleule.

Profesa alikuwa ameota miaka mingi siku ambayo mtu angemwambia maneno hayo. Ikamjia kama nyongo.

Pikipiki ya Honda ikanguruma nyuma yao. Mhesabu akafika, fomu kwenye ubao, kalamu sikioni, uso umechoka kama wa mtu aliyehesabu tangu kuumbwa kwa dunia.

"Geti limezibwa na nini?" akauliza.

"Na mimi," alisema Profesa. "Afisa, kuna binti dirisha la tatu, ana plasta kwenye paji la uso. Umemwona mara ngapi leo?"

Mhesabu akatazama. Akatazama viatu vyake.

"Naambiwa nihesabu vichwa, mama. Nyuso hazipo kwenye fomu."

"Mara ngapi?"

"Mbili." Akajikuna. "Nilidhani ni mapacha."

"Wenye plasta moja?"

Kikokotoo akacheka, akatupa mfupa.

"Mwache mzee wa watu. Kifungu kinasema aliyeonekana. Ameonekana. Uliandika mwenyewe, na kwenye ukurasa wa kumi na nane umekiri mwenyewe kwamba mahakama haitakuwa na la kufanya. Nimekipigia mstari."

"Tanbihi umesoma?"

"Tanbihi ndiyo nini?"

"Yale maandishi madogo chini ya ukurasa."

"Yale ya sisimizi?" Kikokotoo akashangaa kwa dhati. "Nani anasoma yale?"

Profesa akafungua silaha yake ukurasa wa mia tano na nne. Akamwekea Mhesabu kidole.

"Tanbihi ya kumi na saba inakupeleka hapa. Kanuni za Usafiri wa Wanafunzi, kanuni ya tisa. Soma kwa sauti."

Mhesabu akakohoa. "'Mwanafunzi aliyepakiwa kwenye chombo cha usafiri saa za masomo bila saini ya mwalimu wake mkuu, atachukuliwa kuwa yupo katika shule yake, popote chombo hicho kilipo.'" Akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Ina maana..."

"Ina maana basi hili, kwa hao watoto thelathini na mmoja, ni darasa la shule ya mlimani. Hesabu."

"Na kule nilikowahesabu tangu asubuhi?"

"Hawakuwepo. Futa."

Kikokotoo aliacha kucheka. Vidole vyake vikaanza kubonyeza Casio vyenyewe, na kila alichobonyeza hakikumpendeza. Akasogea karibu, akashusha sauti. Alinuka kuku na dawa ya nywele.

"Profesa. Tuelewane. Nitanunua kitabu chako kipya nakala mia tano. Nitazigawa shule zote tatu. Watu wakusome."

Ni haki kusema kwamba kwa sekunde nne jasusi wetu aliwaza wasomaji mia tano. Wengine hununuliwa kwa dhahabu.

"Sogea," akasema. "Unaninukia."

Akapanda basi.

Ndani joto lilikuwa la tanuri. Magunia matatu ya sweta kati ya viti, kijani, damu ya mzee, kijivu. Mtoto mmoja alikuwa ametapika soda kwenye sweta moja la kijani, na mtu mzima fulani alikuwa amelipindua ndani nje na kulirudisha guniani. Watoto wadogo walikuwa wamekaa wima, mikono magotini, wamevaa kijivu mpaka vidoleni.

"Dada, nipo." Nokia ilikuwa sikioni kwa Profesa, mdogo wake upande wa pili, daftari la mahudhurio mkononi. "Nianze?"

"Taja."

Mwalimu mkuu alitaja kutoka mlimani, Profesa akarudia, na kwenye kiti fulani sauti ndogo ikasema, "Nipo, mwalimu." Kila aliyeitika alivua sweta. Mhesabu akaweka alama. Wa kumi. Wa ishirini. Binti mwenye plasta aliitika kwa jina lake, kisha akauliza kama mpira umeahirishwa.

Wa thelathini na moja.

Na themanini na wawili wanaomsubiri Mhesabu mlimani.

"Mia moja na kumi na tatu," alisema Mhesabu. Akageuza fomu za shule tatu za Kikokotoo, akazikata kwa mstari mmoja mrefu wa Bic, kona hadi kona, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama mtu anayependa kazi yake. Nje, Kikokotoo alikuwa anawapigia wakubwa wake simu. Hakuna aliyepokea. Wakubwa wana pua nzuri.

Shule ya mlimani imepona. Njama imevunjwa. Jasusi akashuka basini, akaelekea Peugeot yake bila kugeuka nyuma, vumbi likamfuata kwa heshima.

Ingependeza sana iishie hapo.

Lakini msomaji makini atauliza: nani alijua joto la ndani ya basi, na lile sweta la kijani lilipinduliwaje? Ngoja niseme mwenyewe kabla sijasemewa.

Kabla hajashuka, Profesa alitembea mpaka kiti cha nyuma. Pale walikaa watoto wakubwa waliobaki, wanafunzi wa shule ya bweni waliokodiwa kwa soda. Mmoja alikuwa amejifunika sweta la kijivu mpaka kichwani na kujifanya mzigo.

"Vua."

Mzigo ukavua. Mzigo ulikuwa mimi.

Akaniangalia kwa muda mrefu kupitia miwani ile.

"Soda ngapi?"

"Mbili, mama mkubwa. Ya tatu ilikuwa hapa."

"Hawa watoto wa mama yako, uliwaona wakipanda?"

Ndiyo. Mwalimu mkuu wa mlimani ni mama yangu. Nilitoroka jaribio la hesabu nikaona huu ndio utani bora wa muhula: kuhesabiwa mara tatu kwa siku. Walipopanda wadogo wale niliwajua wote kwa sura. Yule wa plasta huja nyumbani kwetu Jumamosi. Alikuja kukaa karibu nami kwa sababu ananijua, akaniuliza mpira ni saa ngapi, nikamwambia bado kidogo. Mimi ndiye niliyewafundisha kuitika majina ya bandia. Walikuwa wanacheka, na mimi nilicheka zaidi yao. Nilijua mama ana watoto wangapi. Nilijua sheria inataka wangapi. Nimekulia mezani pa watu wasiozungumza kitu kingine. Sikupiga hesabu kwa sababu soda ilikuwa baridi.

"Niliwaona," nikasema.

Nilisubiri kofi. Profesa alinipa Nokia, ikiwa bado imeunganishwa na mlimani.

"Mwambie mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Nikaweka simu sikioni.

"Dada?" alisema mama. Alikuwa analia sasa, kwa furaha. "Dada, uko hapo?"

"Si dada, mama. Ni mimi."

Nikasikia daftari la mahudhurio likifungwa.

"Uko wapi wewe?"

"Kwenye basi."

"Basi gani?" aliuliza mama, polepole, na alikuwa anajua basi gani.