Sikitu na Madubwana Walioziba Jua

Sogeeni hapa. Aliye nyuma aje mbele. Anayetafuna amalize kwanza, maana hadithi hii ina vishindo, utapaliwa bure.

Kulikuwa na kijiji kidogo kama kifungo cha shati. Na jina lake ndilo hilo hilo: Kifungo.

Hapo Kifungo aliishi Sikitu. Sikitu alikuwa mdogo. Hasira zake hazikuwa ndogo.

Upande linakotoka jua aliishi dubwana Gogoro. Nusu ya dunia ilikuwa yake.

Upande linakozama jua aliishi dubwana Bwamba. Nusu nyingine ilikuwa yake.

Wakubwa hao! Gogoro akipiga chafya, kuku wa kijiji kizima wananyonyoka manyoya. Bwamba akijikuna mgongo kwenye mlima, mlima unapungua. Ukibisha, nenda kapime.

Kifungo kilikuwa katikati yao. Hakikuwa cha huyu, wala hakikuwa cha yule.

Asubuhi moja Sikitu na mama walikuwa wanaanika nepi. Nepi za Kidelo, mdogo wake Sikitu. Kamba nzima ilijaa.

Mara, gudu! Gogoro akaweka jiwe, akapanda juu yake. Alitaka kuwa mrefu kuliko Bwamba.

Mara, gudu-gudu! Bwamba akaweka mawe mawili, akapanda juu yake. Alitaka kuwa mrefu kuliko Gogoro.

Gudu! Gudu-gudu! Gudu! Gudu-gudu!

Mawe yakapita miti. Yakapita tai anaporukia. Yakalichoma wingu kiunoni, wingu likasema, "Aii!"

Asubuhi, jua likajificha nyuma ya mawe ya Gogoro. Jioni, likajificha nyuma ya mawe ya Bwamba. Kifungo kikawa giza kama ndani ya chungu.

Na nepi? Jumatatu, mbichi. Jumanne, mbichi. Jumatano zikaanza kunuka.

"Ngaa! Ngaa!" alilia Kidelo. Makalio yake yalikuwa na baridi. Hakulala. Na yeye asipolala, halali mtu.

Sikitu akapiga mguu chini, pu!

"Sikubali! Mimi Sikitu, sikubali!"

"Shii!" alisema baba. "Watakusikia."

"Si ndiyo ninataka wanisikie!"

Gogoro akainama kutoka juu. "Nyie watu wa Kifungo! Nyie ni wangu, au ni wa yule?"

"Wako, mheshimiwa!" wakaitika watu wote.

Bwamba naye akainama. "Nyie watu wa Kifungo! Nyie ni wangu, au ni wa yule?"

"Wako, mheshimiwa!" wakaitika watu wale wale.

Sikitu akawatazama. Uso wake ukavimba kama andazi.

"Mimi ni wa mama yangu!" alisema. Akachukua nepi moja mbichi, akaenda kwa Gogoro. Tapu, tapu, tapu.

"Shikamoo," alisema. Hasira ni kitu kingine, adabu ni kitu kingine.

"Marahaba, kidudu."

"Mimi si kidudu. Toa mawe yako. Nepi za Kidelo hazikauki."

Gogoro akaangalia nepi. Akaziba pua. "Nitatoa. Ila mwambie Bwamba atoe kwanza."

Sikitu akaenda kwa Bwamba. Tapu, tapu, tapu.

"Shikamoo. Gogoro anasema utoe mawe kwanza."

"Mimi? Kwanza?" Bwamba akacheka kwa pua. "Mwambie yeye ndiye atoe kwanza. Na mwambie kichwa chake kina upara."

Sikitu akarudi kwa Gogoro. Tapu, tapu, tapu.

"Anasema utoe wewe kwanza. Na anasema una upara."

"Upara!" Gogoro akashika kichwa. "Mwambie ana kitambi!"

Gudu! Akaongeza jiwe jingine, kwa uchungu.

Sikitu akasimama. Miguu ilimuuma. Nepi bado ilikuwa inachuruzika.

"Mbona humwambii mwenyewe?"

"Hatusemezani."

"Tangu lini?"

"Tangu babu yangu na babu yake."

"Walikosana nini?"

Gogoro akafikiri. Akafikiri mpaka ndege akamjengea kiota sikioni.

"Sijui," alisema. "Ila lilikuwa jambo kubwa!"

Sikitu akapiga mguu chini, pu!

"Sikubali! Mimi Sikitu, sikubali!"

Akarudi nyumbani, machozi ya hasira yakimtoka.

Nyumbani alikuta mgeni. Alikuwa Mzee Haule kutoka ng'ambo ya mto, mtani wa baba. Mzee Haule hakupiga hodi. Alichukua kofia ya baba, akavaa. Akamtoa baba kwenye kiti, akakaa.

"Simama huko, wewe mwenye miguu ya korongo!" alisema.

"Nirudishie kofia, kichwa kama boga!" alisema baba.

Wakacheka, ha ha ha, wakashikana mikono. Mzee Haule alikuwa ameleta kuni kavu, mzigo mzima. Alisikia watani wake wanakaa gizani na baridi, akaja.

"Mama," alisema Sikitu, "mbona wanatukanana na hawapigani?"

"Ni watani," alisema mama. "Babu zao walipigana mikuki, siku nyingi. Wakachoka. Wakasema, basi, tuwe watani. Tangu hapo ni maneno na kicheko tu. Na mmoja akipata shida, mwenzake ndiye wa kwanza kufika."

"Na mtu akikasirika?"

"Mtani hakasiriki. Akikasirika, anatozwa faini."

Sikitu akaacha kulia. Akajifuta pua. Akatabasamu kidogo tu, kwa upande mmoja, maana hasira haikuwa imeisha.

Akachukua beseni la nepi. Akasimama katikati kabisa ya Kifungo.

"Gogoro! Bwamba!" aliita. "Mimi si mjumbe wenu tena! Mwenye neno la kumtania mwenzake, aseme mwenyewe! Kuanzia leo nyie ni watani!"

"Watani?" alisema Gogoro.

"Watani?" alisema Bwamba.

"Watani! Na atakayekasirika, faini yake ni kufua nepi hizi!" Akainua nepi moja juu.

Kijiji kizima kikaziba pua. Baba akaziba macho.

Sasa, Gogoro alikuwa na maneno ya kumwambia Bwamba. Alikuwa nayo tangu utoto. Yalimjaa tumboni kama maharage. Akashindwa kujizuia.

"Bwamba!" alisema. "Tumbo lako lilifika jana, wewe mwenyewe umefika leo!"

"Unasemaje?" alisema Bwamba. "Sikusikii! Mawe!"

Gogoro akaguna. Neno tamu namna ile lipotee bure? Akashuka. Akaondoa mawe yake, moja baada ya moja. Gudu! Gudu! Gudu! Akasema tena, kwa sauti.

Safari hii Bwamba alisikia. Mashavu yakavimba. Macho yakawa mekundu kama nyanya. Akaokota jiwe kubwa kuliko yote.

"Ngaa!" alilia Kidelo.

Watu wakakimbilia chini ya vitanda. Sikitu hakukimbia. Alipiga mguu chini, pu! Akainua nepi.

"Faini?"

Bwamba akaangalia nepi. Akaangalia jiwe. Akaangalia nepi tena. Nepi ilidondosha tone moja. To!

Bwamba akaweka jiwe chini, taratibu.

"Sikukasirika," alisema. "Nilikuwa nanyoosha mkono."

Kisha akafikiri jibu. Lilipomjia, akacheka peke yake mpaka mabega yakatikisika.

"Gogoro!" aliita. "Wewe ukivua kofia, majogoo wanawika! Wanadhani kumekucha!"

"Nini? Sikusikii! Mawe yako!"

Bwamba naye akashuka. Akaondoa mawe yake haraka haraka, neno lisije likapoa. Gudu-gudu! Gudu-gudu! Akasema tena.

Gogoro akafungua mdomo. Sikitu akainua nepi. Gogoro akafunga mdomo. Kitu kikamtekenya kooni. Kikapanda. Kikapanda...

"Ha!" alisema Gogoro.

"Ho!" alisema Bwamba.

"Haa haa haa!"

"Hoo hoo hoo!"

Madubwana wakacheka. Upepo wa kicheko ukatoka huku, ukakutana na upepo wa kicheko kutoka kule. Vuuu! Nepi zikapepea kwenye kamba. Pata-pata! Pata-pata! Na jua, ambalo halikuwa limezibwa tena, likaja kuangalia kuna nini.

Kabla kicheko hakijaisha, nepi zote zilikuwa kavu. Kavu, laini, na zina joto kama mkate.

Watu wakatoka chini ya vitanda. "Sisi tulijua tu," walisema. Sikitu akawatazama kwa jicho moja, wakanyamaza.

"Na kesho?" Sikitu aliwauliza madubwana, mikono kiunoni.

"Kesho nitamtania tena," alisema Gogoro. "Nina neno kuhusu miguu yake."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa ni zamu yangu," alisema Bwamba. "Nina neno kuhusu mama mkwe wake."

"Na mawe?"

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana macho kwa macho.

"Mawe yakae chini," alisema Gogoro. "Nikiyapandisha, nitamsikiaje huyu mjinga?"

"Mjinga ni wewe, mtani," alisema Bwamba.

Jioni ikafika. Ilikuwa jioni ya kweli, yenye jua jekundu linaloaga polepole kila nyumba.

Mama akamvalisha Kidelo nepi kavu. Kidelo akajaribu kulia. "Nga..." Akasahau alitaka kulia nini. Akalala.

Sikitu akapanda kitandani. Akavuta shuka. Akafumba macho.

"Bwamba!" sauti ikanguruma kutoka ng'ambo. "Ukikoroma, samaki wanahama mto!"

"Gogoro! Wewe uki..."

Sikitu akaketi kitandani, wima. Akapiga mguu kwenye godoro, pu!

"Sikubali! Mimi Sikitu, sikubali! Mtoto amelala!"

Kimya.

Kisha Gogoro, mwenye nusu ya dunia, akanong'ona, "Samahani, Sikitu."

Na Bwamba, mwenye nusu nyingine, akanong'ona, "Usiku mwema, Sikitu."

"Usiku mwema," alisema Sikitu. "Na msirudie."

Akalala. Kidelo amelala. Kifungo chote kimelala.

Na wewe je, bado macho yako wazi? Sikubali!