Jiwe Lililotoka Kilimani

Jumapili saa nne asubuhi, mwanamume asiyemfahamu alisimama mlangoni pa Mayasa, fundi cherehani wa Kensington, Johannesburg.

"Samahani, dada. Naitwa Gaston, mlinzi wa kile kilima mlichotembelea jana. Nimeipata anwani yako kwenye kitabu cha wageni. Lile jiwe la kusagia limeibiwa."

Mayasa aliweka mkasi chini. Jana aliwapeleka watoto wa darasa lake la Kiswahili kuona mipungate ya porini yenye miba na kuta za mawe za kijiji cha kale. Jiwe hilo, dogo kama mkate, lilikuwa katikati ya mipungate. Saa tano wote waliliona.

"Uligundua saa ngapi?"

"Saa nane. Hakuna kundi jingine lililoingia. Kesho saa mbili bosi anafika, na tayari ananishuku kwamba nauza vitu vya kale. Nitafukuzwa, dada. Nina watoto watatu."

"Na ile miba ya mipungate je?"

"Aliyelichukua aliingiza mikono mle mle. Ile miba midogo kama nywele haitoki upesi."

Mayasa alikumbuka. Saa sita watoto walikula naye chini ya kilima. Waliobaki juu walikuwa wawili: Luqman, mchuuzi wa vinyago anayemsaidia kufundisha, akipiga picha, na Mama Célestine wa Burundi, mpishi wao, akikusanya vyombo vya uji waliokunywa kule juu. Saa saba wote walinawa bombani, kisha wakaagana getini. Luqman alimbana Mayasa mkono akicheka, mkoba wake ukiwa mzito ajabu. Mama Célestine, akiwa amefunga sufuria mgongoni kwa kitenge, alimpa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama afanyavyo mtu mwenye mikono michafu. "Nina mafuta ya maharage, mwanangu," alisema.

Walimkuta Luqman kwenye meza yake ya vinyago, Marshalltown.

"Eish, Mayasa! Siku hizi unatembea na askari?"

"Fungua mkoba wa jana."

Luqman alitazama huku na huko, akaufungua. Ulijaa matunda ya mpungate, yamefungwa kwa gazeti.

"Mke wangu ana mimba. Anatamani kila kitu isipokuwa nilichonunua. Niliyachuma kwa koleo. Mwalimu nikiiba matunda mbele ya watoto, si wangenicheka mpaka Krismasi?"

Mayasa aligeuza viganja vya Luqman. Vilikuwa laini. Mwenye miba asingembana mkono vile.

Aliviachia. Kisha akasema polepole, "Mama Célestine alinawa kwa sabuni. Sabuni nilimshikia mimi. Mafuta yalitoka wapi?"

Saa nane walibisha hodi chumbani kwake, Alexandra. Alifungua kwa kiwiko. Mayasa hakuuliza kitu. Alitoa sindano, akaanza kumchomoa miba, mmoja mmoja.

"Lilikuwa ndani ya sufuria, Mama?"

"Ndiyo." Machozi yalimtoka. "Bwana wangu Marcellin walimuua hapa hapa, kwenye zile ghasia za kuwafukuza wageni, mwaka elfu mbili na nane. Kaburi lake lina kibati cha namba tu, na namba imeliwa na kutu. Naweka mawe, wafagiaji wanayatupa. Hili lina alama za mikono ya watu, nani angelitupa? Nikasema, waliolala kilimani hawana tena wa kuwalilia. Wangu anaye."

"Kesho bosi atanifukuza mimi, Mama," Gaston alisema.

Célestine alimtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Sikujua kuna mtu nyuma ya jiwe."

"Nitasema nimeliokota njiani," Mayasa alisema.

"Bosi hataamini," Célestine alisema. "Atasema huyu kijana alikupa. Kesho nitakwenda mwenyewe, mwanangu. Nakuahidi."

"Mama, karatasi zako za ukimbizi..." Mayasa alianza.

"Ziliisha muda Machi. Najua."

Usiku ule Mayasa hakulala. Alijiambia mama yule akikimbia, hatamlaumu.

Jumatatu saa mbili kasoro dakika kumi, Mama Célestine alipanda njia ya kilima peke yake, vidole vimefungwa vitambaa, jiwe mgongoni ndani ya kitenge kama mtoto. Aliliweka taratibu mezani pa bosi, Gaston akiwa amesimama kando.

"Nani amelichukua?" bosi aliuliza, simu tayari mkononi kuwaita polisi.

"Mimi. Huyu kijana hana kosa."

"Jina?"

Alilitaja lote, na la mumewe pia. Kisha, kabla hajaulizwa, akaikunjua karatasi yake ya ukimbizi iliyokwisha muda, akailaza kando ya jiwe.