Jina la Kurudia

Salbiah alikuwa na shahada ya zuolojia, mashua ya futi kumi na nane, na shemeji mtarajiwa asiyejua kunyamaza. Viwili vya kwanza alivitolea jasho. Huyu wa tatu aliletwa na mdogo wake, Nuraida, kutoka Kuala Lumpur, na ndoa ilikuwa Ijumaa.

"Mrudishe mzima tu, dada," Nuraida alimwambia pale gatini, akimfunga mchumba wake jaketi la kuokolea kama anayevisha mtoto. "Samaki hata msipopata."

"Nimewarudisha wanasiasa, sembuse huyu."

Alasiri ilishapita na maji ya mto Merbok yalianza kupwa. Ilikuwa safari ya kawaida tu: kuingia kijito cha tatu, kuvua samaki wawili aina ya siakap wa chakula cha wazee wa harusi, na kutoka kabla tope halijajitokeza. Kazi hiyo Salbiah aliifanya kila wiki na wageni wenye kofia pana.

Kabla ya kufungua kamba, alimwinamia shemeji huyo, Haizal, sikioni. Ndivyo alivyofanya marehemu baba yake, aliyeongoza wavuvi kwa miaka arobaini, kwa kila aliyepanda: alimnong'oneza jina la kurudia. Ndani ya mikoko hutaji jina lako halisi, na hilo la siri hulitaji kabisa. Mkirejea, kabla mguu haujagusa gati, mwongozaji anakuuliza. Unalitaja, ndipo unashuka.

Salbiah hakuliamini sana. Wageni walilipenda, basi. Ila mwaka mmoja, akiwa msichana, alimwona baba yake akifika gatini na mgeni, akamuuliza, kisha akageuza mashua na kurudi naye mikokoni. Alfajiri alirejea na mtu mmoja. Hakusema ni yule yule au ni mwingine. Na tangu siku hiyo baba hakuweza kukaa jikoni wali ukiiva.

"Nazi Kavu," Salbiah alinong'ona, akikitazama kipara cha shemeji yake.

Haizal alicheka mpaka mashua ikayumba. "Na digrii yako yote hiyo, shem!"

"Digrii haiingii majini. Panda."

Ndani ya kijito Haizal alirusha ndoana kama anayefukuza mbwa. Mara ya kwanza alinasa tawi, mara ya pili alinasa kofia ya Salbiah. Mara ya tatu, Mungu mkubwa, siakap wa kilo tatu akaruka akimeta. Haizal akatoa simu, akajirekodi.

"Mabibi na mabwana! Huyu ni Haizal bin Mokhtar, mkwe wa Merbok!"

"Nilikwambia usitaje jina."

"Atanisikia nani? Kaa?"

Tope la mikoko halinyamazi. Kamba wanatatarika, kaa wanagonganisha magando, mapovu yanapasuka mchana kutwa, tk, tk, tk... Salbiah aliwahi kuandika kurasa themanini kuhusu sauti hizo.

Zilikoma. Zote, kwa wakati mmoja.

"Tuondoke," alisema.

"Moja ya mwisho." Haizal akarusha, na chambo chake bandia cha Kijapani kikanasa ndani kabisa ya mizizi.

"Kata mshipi."

"Hiki? Nimekisubiri miezi miwili, shem!" Alisharuka. Akapita juu ya mizizi akijishika matawi, tope likimmeza hadi magoti, akapotea nyuma ya majani. Mshipi ukatikisika... ukalegea.

Kisha sauti ya Nuraida, laini, kutoka upande usio na gati wala nyumba:

"Haizal..."

"Naam, mpenzi?"

Harufu ikaja polepole juu ya maji. Wali. Wali mpya, unaofunuliwa kifuniko.

"Wewe!" Salbiah aliita, bila jina. "Rudi hapa!"

Akarudi. Hakuwa na chambo. Alipanda mashuani bila kuiyumbisha, akaketi, akatabasamu. Salbiah akawasha injini kabla hajakaa sawa.

Aibu ni kwamba kwanza alifurahi: robo saa nzima ya ukimya! Kisha akaanza kuona. Usubi walimfunika yeye mikono na shingo. Juu ya kipara cha Haizal hakutua hata mmoja. Na miguu iliyozama topeni hadi magoti ilikuwa safi, mikavu.

Huenda aliinawa, alijiambia. Huenda.

Nuraida alikuwa anawasubiri na taulo. Jua lilikuwa linagusa maji. Salbiah akashika nguzo ya gati kwa mkono mmoja.

"Jina lako?"

"Huyu ni Haizal bin Mokhtar, mkwe wa Merbok!"

Maneno yale yale. Mkazo ule ule. Hata pumzi ilikatwa pale pale.

"La kurudia."

Alitabasamu. "Hukunipa."

"Dada, acha mchezo," Nuraida alisema, akinyoosha mkono. "Njoo, mpenzi."

"Usimguse!"

Mkono ukabaki hewani. Na hapo, kutoka mbali, ndani ya mikoko, sauti ya kiume iliyopasuka kwa kulia:

"Nazi Kavu! Shem! Nazi Kavuuu..."

Taulo likaanguka majini. "Dada... huyo anayeita ni nani?"

Salbiah alilisukuma gati kwa mguu, akageuza mashua. Maji yalibaki kiasi cha goti, baada ya hapo ni kusukuma kwa upondo. Yule aliyekaa mbele hakupinga. Wala hakushika ukingo.

"Nimeagizwa nimrudishe mzima," Salbiah alimwambia mgongoni. "Wewe nitakuacha nilipokutoa."

Mdomo wa kijito ukawafunika. Sauti ikaita tena, hafifu zaidi. Salbiah akazima injini ili aifuate.

Ndipo aliposikia sauti karibu, hatua mbili mbele yake. Yule mtu, bila kugeuka, alikuwa ananong'ona polepole, kama mtoto wa madrasa anayekariri sura yake:

"Nazi... Nazi Ka... Nazi Kavu."